Keria ya Trekta na Kichuguu cha Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua daftari. Lilikuwa kaunta buku la jalada gumu, la aina ile ambayo watendaji wa vijiji hubeba kwapani wanapokwenda mkutanoni. Nililinunua siku ileile nilipokabidhiwa kazi ya kuchagua keria ya trekta, kabla sijaligusa trekta lenyewe na kabla sijamuuliza mama yangu swali hata moja. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika KERIA BORA, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Mstari ulipinda kidogo mwishoni. Nikachana ukurasa, nikaanza upya.

Mtu mwenye akili timamu angeuangalia ule ukurasa uliochanwa, akairudisha kazi kwa wenyewe.

Kila mtu anaijua keria ya baiskeli, kile chuma cha nyuma kinachobeba mtoto, mkaa au mbuzi. Ya trekta ni hiyohiyo, ila kubwa. Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya chuma inayoshika jembe: miwili chini, mmoja juu. Unalitoa jembe, unafunga fremu bapa yenye sakafu, unavuta mkono wa haidroliki, mzigo unapanda. Haina magurudumu yake yenyewe, na hapo ndipo inapotofautiana na tela.

Trekta lilikuwa la mjomba wangu, mdogo wake mama. Ni trekta dogo, lilikuja likiwa limeshatumika, na rangi yake ya chungwa imefifia hadi ikafanana na boga la kuchemsha. Mjomba analitumia kulimia watu kijijini kwetu, ukitoka Songea kwa barabara ya kwenda Madaba. Mashamba mengi hapo yako tambarare na lori linafika. Shamba la mama liko bondeni, ng'ambo ya kijito, na njia ya kufika huko inapita kwenye daraja la magogo lililojazwa udongo, upana wake ni trekta na kiganja kimoja kila upande. Baada ya daraja njia inajikunja kama utumbo. Tela lilijaribiwa mara moja. Liliingia bondeni bila shida yoyote, likatoka baada ya siku mbili, vipande vipande.

Kwa hiyo kila msimu mahindi ya mama yalitoka bondeni kichwani kwake. Mwaka ule, kabla ya Pasaka, alikwenda kupimwa shingo, maana ilikuwa imeanza kukaza upande wa kushoto. Daktari akamwambia aache kubeba vitu vizito kichwani. Mama alitoka akicheka. "Ameniambia nisibebe," alisema. "Nimesahau kumuuliza yeye atakuja lini kubeba."

Siku ya Pasaka, tulipomaliza kula, mjomba ndiye aliyeleta habari ya keria. "Tukifunga keria, dada, mahindi yatapanda yenyewe." Likabaki swali la nani aichague. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Nilikuwa na sifa. Ninaishi mjini, nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, na mafundi wa kuchomelea wako barabara ya pili. Pia ninajulikana katika ukoo kama mtu wa kujifundisha. Niliishia kidato cha nne. Mengine yote, kompyuta, mashine za kuchapishia na umeme kidogo, nimeyaokota mwenyewe kwenye simu. Ninaona fahari kwa hilo, lakini naomba nikiri ubaya wake. Mwanafunzi wa darasani hupigiwa kengele, akaambiwa weka kalamu chini. Mimi sijawahi kuwa na kengele. Nikianza kujifunza jambo, hakuna wa kuniambia inatosha, na mimi mwenyewe sijui hiyo "inatosha" inafananaje.

"Basi mwaka huu shingo yangu itapumzika, baba," mama aliniambia. Mama huniita baba anapofurahi.

Mahindi yalikuwa bado mabichi. Nilikuwa na zaidi ya miezi miwili. Mtu mwingine angehitaji siku mbili.

Nilianza na sakafu. Kuna keria za sakafu ya mbao, za bati zito na za wavu wa chuma. Mbao ni nyepesi lakini huoza. Bati halipitishi punje, ila hushika maji. Wavu unapitisha maji, lakini pia unapitisha punje. Niliandika hayo yote, na nilipofika mwisho nikagundua kwamba mama hubeba mahindi yakiwa kwenye magunzi, hayajapukuchuliwa, kwa hiyo punje hazihusiki. Nikafuta ukurasa mzima. Halafu nikawaza: je, akipukuchulia shambani? Nikaurudisha.

Nikahamia kwenye urefu. Hapo ndipo nilipojiumiza. Katika kusoma kwangu nilikutana na video ya mtu wa nchi nyingine aliyepakia mawe kwenye keria ndefu, akapandisha, na trekta lake likainua magurudumu ya mbele kama farasi. Mzigo ukikaa mbali nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi, na usukani unageuka pambo. Niliiangalia video ile mara nyingi kiasi kwamba nilianza kumwonea huruma yule mtu kama ndugu yangu. Kila nilipofumba macho nilimwona mjomba juu ya daraja la magogo, magurudumu ya mbele yakiwa hewani.

Ili kuelewa vizuri, nilichukua baiskeli ya kazini, nikaanza kuweka bunda za karatasi kwenye keria yake, moja baada ya nyingine, nione ni ya ngapi itakayoinua gurudumu la mbele. Bosi akatoka nje.

"Unafanya nini na karatasi zangu?"

"Natafuta uzito wa mahindi, bosi."

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akazitazama karatasi. "Mahindi yapo sokoni," akasema, akarudi ndani.

Baada ya urefu ukaja upana, kisha kingo za pembeni, kisha ukimo wa sakafu kutoka chini. Huo ukimo peke yake ulikula kurasa nne. Sakafu ikiwa chini sana itagonga mawe ya njiani. Ikiwa juu sana wapakiaji wataumia. Nilichora mtu wa njiti za kiberiti, nikamwekea gunia begani, nikapima pembe ya mgongo wake. Nilijivunia sana mchoro ule. Hata sasa nikiufungua naona ulikuwa mzuri, isipokuwa yule mtu alikuwa mwanamume wa kufikirika, na gunia lilikuwa begani, na kwetu anayetoa mahindi bondeni ni mwanamke na mzigo uko kichwani.

Fundi wa kuchomelea alinipokea vizuri mara ya kwanza. Ni mtu mzima kidogo, miwani yake myeusi imefungwa kwa waya wa umeme. Alisikiliza, akaniuliza trekta ni la ukubwa gani, akachukua chaki, akachora keria kwenye mlango wa bati wa karakana. Ilimchukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. "Hii," akasema. "Njoo kesho kutwa uchukue."

"Subiri kwanza, fundi. Nikahakikishe vipimo."

Nilirudi na vipimo vipya. Akachora keria ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Nikarudi tena. Mara ya nne aliacha kuniita kijana akaanza kuniita injinia.

"Injinia! Leo tumeamka na upana gani?"

"Nimepunguza vidole viwili, fundi. Kwa ajili ya daraja."

"Na juzi uliongeza vitatu kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya magunia."

"Sawa. Kwa hiyo daraja na magunia wamekaa kikao, wamekubaliana kidole kimoja." Akachora. Vijana wa karakana walicheka mpaka mmoja akazima mashine. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la muuza chai ng'ambo ya barabara, nikaandika *kidole 1* kwenye kaunta buku.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Asubuhi Songea inakuwa na ule ukungu unaomfanya kila dereva wa bodaboda aonekane kama mganga, makoti mawili na kofia ya sufu chini ya helmeti. Mama akapiga simu.

"Keria imefikia wapi, baba?"

"Iko kwenye hatua za mwisho, mama. Napima."

"Haya. Mahindi yamekauka. Nimeanza kuvuna."

"Usibebe lakini!"

"Nabeba machache tu. Ya kuchoma."

Nikaridhika na jibu hilo. Hapa ndipo ninapojionea aibu kuliko mahali pengine popote katika habari hii, maana mimi ni mtoto wa mkulima, na ninajua kama mtu yeyote wa Ruvuma kwamba mahindi yaliyokwisha kukauka hayachomwi. Nililijua hilo simu ikiwa bado sikioni. Nikaamua kutolijua. Nilikuwa kwenye ukurasa wa uzito wa kuweka mbele ya trekta ili kusawazisha wa nyuma, na ukurasa ule ulikuwa unakwenda vizuri.

Alipiga tena baada ya wiki moja. Hakuuliza keria. Aliuliza kama nakula. Nilipokata simu niliingiwa na wasiwasi, nikautafsiri kuwa ni mashaka juu ya pini za kufungia keria kwenye mikono ya trekta. Nikapanga safari ya Jumamosi kwenda kijijini kuzipima upya.

Nilishuka kwenye basi nikiwa na futi na kaunta buku. Kabla sijafika nyumbani nililiona rundo. Mahindi kwenye magunzi yake, yamerundikwa uani juu ya turubai mpaka usawa wa dirisha. Nilichofikiri kwanza, na ninakiandika ili nisije nikakikana, ni kwamba rundo lile lilikuwa limekaa mahali ambapo trekta lingehitaji kugeuzia.

Uani walikuwepo wanawake wawili wakimenya maganda ya mahindi, na mmoja wao alikuwa bibi wa jirani, ambaye tangu nikiwa mtoto ananiita mume wake, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Mume wangu huyo!" akapaza sauti. "Shuka basi na mzigo. Keria umeiacha kwenye buti la basi?"

"Bado iko kwa fundi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Iko kwa fundi tangu Pasaka? Hata mtoto anakaa miezi tisa tu."

"Keria yenyewe ina shingo ndefu nini," akasema mwenzake, "maana inazaliwa taratibu."

"Ingekuwa na shingo ndefu ingemwazima mke mwenzangu," bibi akasema. Hapo hakucheka. Mke mwenza wake katika utani ule ni mama yangu.

Nikauliza mama yuko wapi. Bibi akaonyesha kwa kidevu upande wa bondeni. Kabla sijapiga hatua, mama akatokea kwenye kona ya njia, kikapu kikubwa kimejaa kichwani, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine unapunga kidogo kusawazisha mwendo. Nilikuwa upande wake wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuza kichwa. Aligeuza miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mwili wote, kama mlango, mpaka akanikabili. Nikadhani ni kwa sababu ya kikapu. Wale wanawake wakainuka wakamsaidia kutua. Kikapu kikafika chini, kichwa kikabaki na ngata tupu, na mama akageuka tena kuwashukuru kwa namna ileile, miguu, kiuno, mwili wote.

"Marahaba, baba. Umekuja kupima?"

"Umebeba haya yote wewe?"

"Siyo yote."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Wewe ndiye wa kuhesabu."

Aliisema bila hasira, akifuta uso kwa kanga. Bibi wa jirani alitaka kuongeza neno, mama akamwahi. "Mwacheni, mke mwenzangu. Mwanangu anapima." Na kwa jinsi wanawake wale walivyotazamana nilijua kwamba sentensi hiyo ilikuwa imetumika kijijini muda mrefu, kisimani, kanisani, kila aliyemkuta njiani na kikapu akauliza. Mwanangu anapima. Alikuwa akibeba mahindi yake, na juu yake alikuwa akinibeba mimi.

Nilisema ninaenda bondeni kuchukua kikapu kinachofuata. Mama akasema tutakwenda wote, maana sitajua alipofikia kuvuna. Mjomba, aliyekuwa amekuja kuniona, akatufuata.

Shamba lilikuwa limevunwa zaidi ya nusu. Pembeni mwake, chini ya mkuyu mdogo, palikuwa na kichuguu. Nilikijua tangu utotoni lakini sikuwahi kukitazama. Juu kilikuwa bapa, kimesuguliwa hadi kikang'aa kama kiti cha kanisani. Mama alijaza kikapu nusu, akakiinua akakiweka juu ya kichuguu, akakijaza kikiwa pale. Kisha akapanga ngata kichwani, akainama kidogo, akaingiza kichwa chini ya ukingo, akakivuta kikapu kikaja chenyewe.

"Kubeba si kazi," akasema akiwa tayari na mzigo kichwani. "Kazi ni kujitwisha ukiwa peke yako. Kichuguu ndiye mwenzangu."

Sijui ni nini kilichonipata. Labda mazoea. Nilitoa futi nikakipima kile kichuguu kutoka chini hadi juu. Mjomba akaanza kucheka. Mama naye akataka kucheka, lakini ana mzigo.

"Hata hicho unakipima?"

"Hata hiki," nikasema. Kilinifika kwenye mkanda wa suruali.

"Basi nikuulize na mimi," akasema. "Hiyo keria inashuka mpaka wapi?"

Hilo nilikuwa nimejiandaa kwalo. Nikafungua kaunta buku kwenye zile kurasa nne. "Sakafu itakuwa sentimita arobaini kutoka chini, mama, ingawa kuna hoja ya arobaini na tano, kwa sababu ya mawe..."

"Sijauliza inakaa wapi. Nimeuliza inashuka mpaka wapi na inapanda mpaka wapi."

Nikafunua ukurasa uliofuata. Mjomba alinitazama, akamtazama dada yake.

"Inashuka mpaka chini kabisa, dada," akasema. "Inapanda mpaka hapa." Akaweka kiganja kiunoni kwake. "Si mikono ileile ya jembe? Unavuta, inapanda. Unaachia, inashuka." Kisha akanigeukia. "Mjomba, ndani ya hilo daftari uliandika nini?"

"Ukimo wa sakafu."

"Kurasa ngapi?"

"Nne."

"Nne! Za kitu kinachopanda na kushuka!" Akakaa chini kwenye mabua.

Nilikuwa naijua ile mikono. Nilikuwa nimeichora, nimepima pini zake mara tatu. Nilijua kila kitu kuhusu haidroliki ila kwamba ipo kwa ajili ya kupandisha na kushusha.

"Basi ikisimama usawa wa kichuguu inanitosha," mama akasema, akaanza kupanda njia. Nilimwomba anipe kikapu. Alikataa mpaka tulipofika darajani, na hapo akakubali, naamini kwa sababu ya kunihurumia. Nilikibeba kichwani hatua zisizofika mia mbili, nikasimama. Sikuweza kutazama miguu yangu, sikuweza kutazama pembeni, na kila jiwe lilipanda kupitia mgongo likaja kugonga mahali pamoja nyuma ya shingo. Niliendelea kwa sababu bibi wa jirani alikuwa ametoka njiani kutazama.

Jumatatu, kabla ya kufungua duka, nilikuwa kwa fundi. Mlango wake wa bati ulikuwa umejaa keria saba za chaki.

"Injinia. Leo vidole vingapi?"

"Tengeneza tu, fundi."

Akavua miwani. "Nitengeneze ipi? Ya kwanza au ya saba?"

"Zinatofautiana nini?"

Akaweka kiganja kwenye mchoro wa kwanza, kisha kwenye wa saba, akapima kwa macho. "Vidole viwili," akasema. "Na miezi miwili."

"Ya kwanza. Sakafu ya mbao, kingo pande tatu, nyuma wazi."

"Usije kesho."

"Siji."

Nilikwenda. Lakini nilikaa ng'ambo ya barabara kwa muuza chai, nikatazama cheche kwa mbali, na sikuvuka. Ninataka nihesabiwe hilo.

Keria ilipanda lori lililokuwa likienda tupu kuchukua mbao upande wa Njombe, likatushusha njiani, mimi na keria, kama abiria wawili wasiofahamiana. Mjomba alitoa jembe, tukaiinua keria kwenye mikono. Pini ya kushoto iliingia. Ya kulia ikagoma. Nikaanza kumweleza mjomba kwamba huenda vyuma vimetanuka kwa joto la kuchomelea na kwamba kuna njia tatu za kurekebisha. Akachukua nyundo, akaipiga mara mbili, ikaingia.

Bondeni wanawake walikuwa wameshakuja kumsaidia mama kumaliza. Mjomba alirudisha trekta hadi pembeni ya shamba, akapandisha keria, akamtazama mama. Mama akaweka kiganja juu ya kichuguu, akaweka cha pili juu ya sakafu ya keria. "Shusha kidogo. Kidogo tena. Hapo." Wakasimamisha magunia matupu juu ya keria, yakiegemea kingo, na kila mwenye kikapu alikuja akatua palepale, akamimina ndani ya gunia. Hakuna aliyemtwisha mwenzake. Hakuna aliyeinua gunia, maana magunia yalijazwa yakiwa tayari juu ya keria. Katika kurasa zangu zote sikuwahi kufikiri kwamba keria ingekuwa meza kabla ya kuwa kibebeo.

Lakini kwetu gunia lisilo na kilemba linamwaibisha aliyelijaza. Nilikuwa nimepiga hesabu kwa gunia la kawaida, lililofungwa mdomoni. Hawa walijaza, wakashindilia kwa ngumi, wakapanga magunzi yaliyosimama kuzunguka mdomo, wakashona kamba juu yake, mpaka kila gunia likawa na kichwa na mabega. Lumbesa kamili. Manne. Nilisema ni mazito mno. Bibi wa jirani akaniambia, "Mume wangu, tumekusubiri tangu Pasaka, na wewe utusubiri dakika mbili."

Mjomba akaondoka. Kwenye mwinuko, kabla ya daraja, niliona usukani unageuka na trekta haligeuki. Kisha magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, yakarudi, yakaacha tena, kwa upole, kama mtu anayesimama kwenye ncha za vidole kuchungulia ukuta. Ilikuwa ni ile video.

"Shusha keria!" nilipiga kelele. "Mjomba, usikanyage breki, shusha keria!"

Akashusha. Keria ikagusa udongo, mbele kukatulia. Mama alikuwa nyuma yangu ameshika kifua. Nataka kuwa mkweli katika kila upande: kwa kazi yote ya miezi ile, hili moja nililijua, na lilifaa.

Nikaanza kueleza kwamba tunahitaji vyuma vya uzito vya kufunga mbele, kwamba vipo vya kuagiza. Mjomba alikuwa ameshafungua kamba. Yeye na wanawake wawili walichukua gunia moja kati ya yale manne, wakalibeba hadi mbele ya trekta, wakalilaza juu ya bampa, wakalifunga kwa kamba ya katani. Matatu nyuma, moja mbele. Trekta likapita mwinuko, likapita daraja, kiganja kimoja kila upande, likajikunja na njia mpaka uani.

Mama alitembea nyuma yake mikono mitupu. Hakuwa amebeba kitu, lakini ngata ilikuwa bado kichwani, ameisahau, na alikuwa anatembea kwa hadhari ili isidondoke.

Siku mbili zilitosha kumaliza mahindi yaliyobaki. Yaliyotangulia, zaidi ya nusu, yalikuwa yameshapita kichwani kwake nikiwa napiga mistari kwa rula.

Tangu msimu ule mama hajabeba mahindi kutoka bondeni. Shingo yake sasa inageuka vizuri upande wa kulia. Upande wa kushoto bado, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo. Keria ipo, mbao moja ya sakafu imebadilishwa. Mimi bado napima, lakini nikipewa kazi namuuliza kwanza mwenye mzigo jinsi anavyoubeba sasa hivi, na nikifika nyumbani namsalimia mama nikiwa nimesimama upande wake wa kulia.